Mama Yako Hakuchelewa

Mwanangu Adela,

Barua ulizokuwa ukiniandikia kutoka shule ya bweni zote zilianza kwa kuniuliza hali, kisha zikaja kwenye dhumuni. Mimi hali yako naijua. Mchana huu nimekuona ukimaliza maharage yote huku unalalamika kwamba ndizi hazikuiva. Hali yangu utaikuta humu humu. Kwa hiyo naanza na dhumuni.

Umekwenda Bugarama kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla ya giza. Mabegi yako mawili yako sebuleni, moja limefungwa, lingine bado linasubiri nguo zilizo kambani. Tangu ulipotoka nimezunguka nyumba hii kama mtu anayetafuta miwani yake. Ukungu umeanza kupanda kutoka bondeni, na nyumba imetulia jinsi itakavyokuwa imetulia kuanzia kesho. Sitakuandikia habari za chandarua wala za marafiki wabaya. Hayo shangazi yako amekwisha kukuambia hadi ukaziba masikio. Nataka kukuambia jambo moja ambalo ulistahili kulijua tangu ukiwa na miaka kumi.

Mama yako hakuchelewa kumpeleka Elisha hospitali. Mimi ndiye niliyemchelewesha.

Soma tena ukihitaji. Nimeiandika kwenye karatasi nne kabla ya hii, nikazichana zote.

Ulikuwa na miaka minane, mdogo wako minne. Mlikuwa mkiishi Bugarama kwa bibi, wewe na Elisha na mama yenu, na mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini karibu na kazi, nikija nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya misa. Tulikuwa madaktari wachache na wagonjwa walikuwa wengi, na nilipenda kuhitajiwa. Hilo sikulikiri wakati ule. Nilisema nimechoka, nilisema kazi imenizidi, lakini nilipopita kwenye korido na watu wakasimama kwenye mabenchi, "Shikamoo daktari," hata wazee waliolingana na baba yangu, kitu fulani ndani yangu kilishiba. Nyumbani hakuna aliyesimama. Nyumbani mama yako aliniuliza kama nimekumbuka sabuni.

Mama yako nilimpata Nyakahura, nilipokwenda na wenzangu kuchanja watoto. Kabula, binti wa Kisukuma, baba yake alihamia pale na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alikuja akiwa amembeba mtoto wa dada yake, akaniambia, "Huyu usimchanje leo, ana joto." Nikamshika mtoto, sikuona joto. Nikampima. Alikuwa nalo. Nilicheka, na nadhani nilimpenda hapo hapo. Ndugu zangu waliuliza kama wasichana wa Ngara wamekwisha. Yeye akajifunza Kihangaza, lugha ya kwetu, kwa miezi michache, akakizungumza kwa lafudhi iliyomfanya bibi yako acheke hadi ashike mbavu, na kabla mwaka haujaisha bibi yako alikuwa anamtetea yeye dhidi yangu.

Unaona, nilimwoa kwa sababu ya jicho lake. Kisha nikasahau.

Ilikuwa Jumanne aliponipigia. Wewe ulikuwa shuleni. Mvua ilikuwa imeanza, na mimi nilikuwa na mgonjwa mbele yangu na wengine mlangoni.

"Baba Adela, Elisha anachemka. Na analia vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Si kilio chake."

Nikamwambia ni malaria, ampe dawa ya kushusha homa, kesho ampeleke zahanati wakampime. Kesho yake alimpeleka. Zahanati walimpima, hawakuona malaria, wakampa dawa nyingine akarudi naye nyumbani. Alasiri akanipigia tena. Sauti yake nakumbuka ilikuwa ya chini, kama mtu anayejaribu asimwamshe mwingine.

"Anakataa kuinamisha kichwa. Nikimwinua shingo inakuwa kama mti. Na hataki nifungue dirisha, mwanga unamuumiza. Nataka nimlete huko leo."

Adela, unakwenda Mwanza kusomea udaktari. Kabla mwaka wako wa kwanza haujaisha utakuwa unajua mama yako alikuwa ananiambia nini. Alinipa dalili za homa ya uti wa mgongo moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, mwanamke aliyeishia darasa la saba. Na mimi nilizisikia. Siwezi kusema sikusikia. Lakini watu walikuwa mlangoni, siku ile nilikuwa nimekwisha kufundishwa kazi yangu na wagonjwa wawili, na nilikasirika kufundishwa na wa tatu, tena mke wangu. Nikamwuliza:

"Kabula, kati yetu daktari ni nani?"

Nilisikia mvua kwenye bati la bibi yako.

"Wewe," akasema.

"Basi subiri. Nikija Jumamosi nitamwona."

Akasubiri, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Alisubiri hadi alfajiri. Elisha alipoanza kukakamaa akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, akampata kijana wa bodaboda aliyekubali kuendesha kwenye mvua, na wakaja kwenye matope njia nzima hadi Ngara. Waliteleza na kuanguka mara mbili. Alama ile kwenye kiwiko chake, uliyoniuliza siku moja ukiwa mdogo, ni ya njia ile.

Nilimkuta wodini. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye gauni hadi sakafuni. Mwenzangu aliyekuwa zamu alikuwa amekwisha kumwekea mtoto dripu na kuanza dawa, naye alikuwa na faili mkononi, anaandika. Akaniuliza mimi, si yeye. Ndivyo tulivyo, tunaulizana wenyewe kwa wenyewe.

"Hali hii ilianza lini, daktari? Mbona ameletwa akiwa hivi?"

Mama yako alikuwa amesimama umbali wa hatua mbili, na nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema ukweli. Nikasema:

"Nimemwona leo. Unajua kina mama wetu, wanachelewa."

Akaandika. Mama yako akanitazama. Hakulia, hakubisha, hakuniaibisha mbele ya mwenzangu. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha dukani kuhakikisha kwamba hajakosea mlango, kisha akageuka akamfuta Elisha uso.

Elisha alipona. Tulishukuru Mungu, padre akaja nyumbani, bibi yako akachinja kuku. Wiki kama tatu baadaye nilikuwa uani Jumamosi moja nikinyoa ndevu, Elisha akicheza na vigunzi vya mahindi karibu na miguu yangu. Mama yako akatoka jikoni na sufuria kubwa. Akasimama nyuma ya mtoto, akaiachia ikaanguka juu ya jiwe. Mimi niliruka hadi nikajikata. Kuku wakatawanyika. Elisha akaendelea kupanga vigunzi vyake.

"Umeona?" mama yako akasema. Hakusema neno lingine.

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyo ngumu kuliko ile ya simu. Kosa la simu lilikuwa la dakika mbili, na madaktari wote wana dakika mbili kama zile, hata kama zao hazikumwangukia mwana wao. Yaliyofuata niliyafanya kwa miaka.

Sikuweza kukaa chumba kimoja na mama yako. Angenilaumu, ningejitetea. Angepiga kelele, ningemwambia hajui utabibu. Hakunilaumu. Alijifunza kuzungumza na Elisha kwa mikono, wakitunga alama zao wenyewe pale jikoni, na nilipoingia waliacha, wakanipisha. Nilianza kuja nyumbani mara moja kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Aliponiuliza kama chakula kina chumvi nilijibu kwa kichwa. Watu huwaza kwamba tunawachukia waliotukosea. Mimi nilishindwa kumsamehe mke wangu kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mwaka uliofuata alimchukua Elisha wakaenda Nyakahura kwa baba yake. Aliniomba ruhusa. Nilimwambia afanye anavyoona, nikajiambia kwamba mimi ni mtu mwema kwa kutomzuia. Wewe ulibaki kwa ajili ya shule, na kwa ajili ya bibi, na baadaye nikakuleta hapa mjini kwangu. Siku anaondoka ulishika kanga yake ukakataa kuiachia, na mimi ndiye niliyekufungua vidole. Sijui kama unakumbuka.

Halafu ukafika miaka kumi. Tulikuwa tunatembea kutoka sokoni, umebeba mfuko wa nyanya. Ukaniuliza, bila kunitazama, "Baba, eti Elisha hasikii kwa sababu mama alichelewa kumpeleka hospitali?" Nadhani ulisikia kwa watoto wa majirani, nao walisikia kwa wazazi wao, nao kwa mtu wa wodini. Neno langu lilikuwa limezunguka mji wote likarudi kwangu kupitia kinywa chako.

Nilisema, "Alichelewa kidogo. Lakini usimlaumu, hakujua."

Usimlaumu. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilisema uongo kisha nikajivika huruma juu yake, na wewe ukanipenda zaidi kwa sababu ya huruma hiyo. Nilikuona ukinitazama kwa heshima. Baada ya siku ile ukaanza kutafuta sababu za kutokwenda Nyakahura likizo: mara mitihani, mara kwaya. Siku ya kipaimara chako alikuja na gauni alilolishona mwenyewe kwenye cherehani yake ya sokoni. Ukamwambia "asante mama" kama unavyomwambia mgeni, ukaliacha kwenye mfuko, ukavaa lile nililokununulia mimi. Nililiona hilo nikiwa nimekaa kiti cha mbele, na nikakaa hivyo hivyo.

Watu wa wilaya hii wanasema mimi ni daktari mwenye subira na kina mama. Ni kweli. Siku hizi mama akiniambia mtoto wake hayuko sawa, hata kama namwona mtoto anacheka, naweka kalamu chini. Namwuliza, umeona nini? Nimeokoa watoto kwa swali hilo. Wauguzi vijana wananisifu, wanadhani nilizaliwa nalo. Kila ninaposifiwa namwona Kabula amesimama na maji yanamtiririka. Wageni nimewapa kile nilichomnyima yeye, na mchana kutwa nikiwapa, jioni narudi kwenye nyumba ambayo hakuna wa kunijibu isipokuwa wewe, nawe ulikuwa unanijibu kwa sababu hukunijua.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi kaburini, mwanangu. Nisingependa udhani kwamba dhamiri ndiyo iliyoniamsha yenyewe. Ni wewe. Siku ile ya sherehe ya kukupongeza, paroko alipokuuliza mbele ya watu kwa nini umechagua udaktari, ukasimama wima ukasema: "Nataka kuwafundisha kina mama wasichelewe kuwaleta watoto. Mdogo wangu alipoteza uwezo wa kusikia kwa sababu hiyo." Watu wakapiga makofi. Shangazi yako akapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje nikaenda kusimama migombani kwa jirani hadi mlipoanza kunitafuta. Nilikuambia tumbo lilinisumbua.

Jumamosi iliyofuata nilikuaga kwamba naenda semina Biharamulo. Nilishuka Nyakahura.

Mama yako ana kibanda pale sokoni, kando ya barabara. Anashona sare za shule. Hakushangaa kuniona, au kama alishangaa aliificha. Akanipa kigoda, akanipa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, akamalizia kwanza pindo alilokuwa akilishona. Elisha alikuja kutoka kwenye ng'ombe wa babu yake. Ni mrefu, Adela, ananipita. Alinishika mkono vizuri kabisa, kisha akamgeukia mama yake akaweka ngumi sikioni na kuinamisha kichwa, kama mtu anayeongea na simu, akininyooshea kidole.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema umekuja. Alama ile ya simu ndiyo jina lako. Ndivyo alivyokukumbuka tangu mdogo."

Hajui habari ya simu ile. Ni kwamba tu hivyo ndivyo alivyoniona alipokuwa na miaka minne, kila nilipokuja. Sikuweza kula tena michembe ile.

Elisha alipoondoka nilimwambia mama yako nilichojia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nilikisema vibaya, nikirudia rudia, na fundi wa baiskeli wa kibanda cha pili akijifanya hasikii. Nilimwomba msamaha. Akakata uzi kwa meno.

"Mimi nilishakuachia zamani," akasema. "Ningebaki na kinyongo ningeshindwa kumlea Elisha."

"Basi nimwambie Adela?"

"Hilo unaniuliza mimi?"

Ndipo nikamwuliza jambo nililokuwa nikijiuliza miaka yote. Kwa nini hakukuambia mwenyewe? Ulipoanza kumkwepa, ulipoliacha gauni, neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Bibi yako angemtolea ushahidi. Simu zile zilipigwa nyumbani kwake.

Lori lilipita, likatufunika vumbi, akasubiri lipite.

"Alikuwa anaishi na wewe," akasema. "Anakula kwako, analala kwako, akiumwa ni wewe. Ningemwambia baba yake ni mtu wa namna gani, kisha angelala kwa nani? Mtoto anahitaji mmoja wa kumwamini. Nikaona awe wewe, uliye karibu."

Nimekuwa daktari kwa muda mrefu na nimewaona watu wakiwabebea wenzao mambo mengi. Sijawahi kuona jambo kama hilo, na lilifanyika katika nyumba yangu bila mimi kujua. Aliuacha moyo wako umwondoke ili ubaki na baba. Kila ulipokuja kunionyesha ripoti yako ya shule, kila uliponikumbatia stendi, ulikuwa unanipa kitu ambacho yeye alikuwa ameniachia.

Sasa umekua. Kuanzia kesho hulali tena kwangu, na huhitaji mtu wa kudanganywa naye ili upate usingizi. Nakurudishia mama yako. Najua kwa kufanya hivyo naweza kukupoteza wewe, na nimekaa na hofu hiyo tangu Nyakahura. Ndiyo maana nimekuwa mkimya wiki hizi, ukadhani nina huzuni ya kuachwa. Ninayo hiyo pia.

Kuhusu ndoa, na watu utakaowapenda, sina cha kukufundisha ambacho hukioni hapo juu. Ila hili moja: siku mtu wako wa karibu atakapokuwa sahihi na wewe ukawa umekosea, utasikia joto likipanda usoni, na utatamani sana kumnyamazisha. Ngoja lipite. Halipiti haraka, lakini linapita. Mimi sikungoja. Kuanzia kesho nitakuwa na sahani moja mezani, kikombe kimoja, na viti sita.

Nilifikiri kuificha barua hii ndani ya begi lako uikute Mwanza. Nikaona huko ni kukimbia tena. Nitakupa mkononi ukifika, na nitakaa barazani wakati unasoma. Ukitaka kunifokea, nipo. Ukitaka kunyamaza, sitabisha hodi mlangoni kwako. Alfajiri nitakuwa nimeamka na nimevaa viatu. Kama utataka nikubebee mabegi hadi stendi, nitayabeba. Kama utaita bodaboda uende peke yako, nitaelewa.

Basi la Mwanza linapita Nyakahura, na pale husimama kidogo, abiria wanunue mahindi na matunda. Mama yako atakuwepo barabarani, yeye na Elisha. Nilimpigia jana kumwambia siku na basi lenyewe. Nilimwambia siwezi kuahidi kwamba utashuka, wala kwamba utafungua dirisha. Nilimwambia sijui utakuwa na hali gani, asije akasimama juani bure.

Akasema atasimama.

Baba yako,
Anatoli